Mzazi wa Esperanca

Mwalimu Theresia Haule alifundisha shule ya msingi kwa miaka ishirini na minane, na katika miaka yote hiyo hakuna mtoto aliyemwona akicheka mbele ya ubao. Alizaliwa upande wa Songea. Kazi ilimleta Mtwara, akaolewa na Josephu, karani wa bandarini, wakajenga Magomeni, na hapo hapo Magomeni akawa mjane. Alipostaafu watu walidhani atarudi kwao, au atafungua genge la mboga kama wastaafu wengine. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alikwenda kujitolea kwenye kituo cha wasichana waliopata mimba wakiwa shuleni.

Kituo kilikuwa nyumba ya kupanga yenye vyumba vitatu. Katika chumba cha kwanza watoto wachanga walilazwa kwenye mikeka. Cha pili kilikuwa na madawati, na mama zao walisoma humo. Cha tatu kilikuwa na cherehani nne, kompyuta moja, na Frank, mtunza kumbukumbu, mtu wa miaka arobaini aliyependa mzaha kuliko Mwalimu alivyoweza kuvumilia. Muuguzi alikuja kila Jumatano kupima uzito wa watoto. Saa nne kulikuwa na uji.

Wasichana walifika pale wakiwa wameshaitwa majina yote mabaya. Kuna waliofukuzwa nyumbani, kuna waliofichwa kwa ndugu, na kuna waliokuwa wakipigwa mpaka wiki ya kujifungua. Ni aibu ya mji huu na ya vijiji vyake kwamba msichana wa miaka kumi na tano hupewa jina la matusi, na mwanamume wa miaka thelathini na mitano aliyempa mimba hupewa muda wa kutoroka. Wazee hukaa, hukohoa, husema jambo hili tulimalize nyumbani. Likimalizwa nyumbani, anayemalizwa ni msichana.

Mwalimu Theresia hakuwa mtu wa kuwapapasa mgongo. Aliona kwamba wengi wao waliishi kama watu waliobebeshwa kifurushi cha mtu mwingine, wakingoja mwenyewe aje akichukue. Mtoto alilia, wao wakatazama pembeni. Basi akaweka sheria, na kila mgeni aliambiwa siku ya kwanza akiwa bado amesimama mlangoni.

"Hapa hatuna binti," alisema. "Hapa tuna wazazi. Kule hospitali walikulaza wodi ya wazazi, hawakukulaza ya wanafunzi. Umezaa, wewe ni mzazi. Ukiitwa hivyo, uitike."

Akawaita hivyo kweli, asubuhi mpaka mchana. Mzazi wa Dickson, umechelewa dakika kumi. Mzazi wa Happiness, futa hizo kamasi, wewe ndiye mwenye pua hiyo sasa. Asiyeitika alibaki amesimama mlangoni mpaka aitike. Wasichana walinung'unika, wakamwigiza sauti akiwa hayupo, lakini baada ya mwezi mmoja au miwili walianza kuitana wenyewe kwa wenyewe, kwanza kwa kejeli, kisha kwa mazoea, na watoto wakawa safi, na waliokuwa wakitoroka masomo wakaacha. Sheria ile ilifanya kazi. Nalisema mapema ili mtu asije akadhani mama yule alikuwa mjinga.

Elsa Eusebio aliletwa na shangazi yake mwezi wa Desemba, akiwa na miaka kumi na sita, na mtoto wa miezi minne mgongoni. Ukoo wao ulivuka Ruvuma kutoka Msumbiji zamani za babu, ukapata shamba la mikorosho na mihogo upande wa Mpapura, ukatulia. Baba yake, Eusebio, alikuwa mkulima mkimya aliyefiwa na mke. Elsa alikuwa wa pili darasani Kidato cha Pili alipoacha shule mwezi wa Machi, mimba ikiwa ya miezi minne. Aliyempa mimba alikuwa msimamizi wa vibarua wa kupulizia mikorosho dawa, mwenye mke na watoto. Jina lake silitaji, halistahili wino. Alivuka mto kabla wazee hawajamaliza kukohoa.

Mtoto alipewa jina la bibi yake aliyefariki, Esperanca. Na kwa kuwa baba yake hakuwepo wa kumpa jina la pili, alichukua la babu. Akawa Esperanca Eusebio. Mama na mtoto walibeba jina moja la pili, kama dada na mdogo wake.

Katika kituo kile hakukuwa na msichana aliyeshika sheria kama Elsa. Kucha za mtoto zilikatwa kila Jumamosi. Kadi ya kliniki iliwekwa ndani ya mfuko wa plastiki isilowe. Alifanya hesabu huku ananyonyesha, daftari juu ya goti lisilokuwa na mtoto. Wenzake walipolalamika kuitwa wazazi, aliwageuzia uso.

"Kwani uongo?" aliwauliza. "Nani alizaa, mimi au jirani?"

"Haya, Mwalimu Theresia mdogo," walimjibu. "Bado miwani tu."

Mwalimu aliyasikia hayo kutoka chumba cha pili. Kuanzia siku ile alimpenda Elsa, kwa jinsi yake ya kupenda, ambayo ilikuwa kumpa maswali magumu zaidi.

Sasa hivi msichana aliyeacha shule kwa sababu ya mimba anaruhusiwa kurudi. Waraka upo. Ila una muda wake, miaka miwili tangu aache. Elsa aliacha Machi, kwa hiyo mwisho wake ungekuwa Machi miaka miwili baadaye, na nafasi nzuri ilikuwa Januari ya mwaka huo, shule zikifunguliwa. Baba yake naye alikuwa na kalenda yake. Alikuja mjini mwezi wa Julai, akakaa kwenye kigoda uani kwa dada yake, akamwita Elsa na Mwalimu Theresia pamoja.

"Mimi maneno mengi sina," alisema Eusebio. "Januari nikimwona na sare, anasoma, na mtoto nitamlea mimi kule. Nisipomwona na sare, kuna mtu ameshaniuliza."

"Mtu gani?" aliuliza Mwalimu.

"Selemani. Anauza mchele na samaki wakavu kule mtoni. Mkewe alifariki. Mtu mzima, ana nyumba ya bati."

"Elsa hataki."

"Sijamuuliza anataka nini, Mwalimu. Mara ya kwanza hakuna aliyeniuliza mimi nataka nini."

Elsa alikuwa akichambua mchele. Hakuinua uso. Baba yake alipoondoka alimwambia Mwalimu kwa sauti ya kawaida kabisa, "Januari nitakuwa na sare." Kila mtu pale kituoni alilijua jambo hilo. Elsa hakuwa na njia nyingine.

Oktoba kituo kikaandaa fomu za maombi. Wasichana sita walikuwa tayari kurudi. Frank aliandika fomu ile kwenye kompyuta yake, akampelekea Mwalimu aikague, na Mwalimu, aliyesahihisha insha za watoto karibu miaka thelathini, alirekebisha mkato mmoja na kufuta neno lililojirudia. Sentensi yenyewe ilikuwa fupi: *Mimi ……, mzazi wa ……, naomba nafasi ya kurejea masomoni, Kidato cha ……, katika shule ya ……* Chini palikuwa na nafasi ya saini. Mwalimu aliisoma mara mbili akaona inajitosheleza.

Frank akawagawia wasichana. Mmoja akamuuliza, "Mzazi hapa ni nani, sisi au wao?"

"Wao, jamani," Frank alicheka. "Mama yako, baba yako. Nyie mama huyu amewaharibu vichwa."

Wakacheka wote, wakazipeleka nyumbani, zikajazwa na wazazi wao. Siku ile Elsa hakuwepo. Alikuwa amempeleka mtoto kwenye chanjo. Alikuja Alhamisi, na fomu alipewa na Mwalimu mwenyewe.

"Hii inajazwa na mzazi," Mwalimu alimwambia. "Irudi kesho, safi, bila kufutafuta."

"Ndiyo, Mwalimu."

Hakuona sababu ya kungoja kesho. Aliketi kwenye benchi, akamshikisha mtoto kifuniko cha kalamu achezee, akaandika kwa mwandiko wake bora: *Mimi Elsa Eusebio, mzazi wa Esperanca Eusebio, naomba nafasi ya kurejea masomoni.* Akaweka saini. Kila neno lilikuwa la kweli, na sarufi haikuwa na kasoro. Baada ya dakika kumi aliirudisha. Mwalimu Theresia aliitazama kwa mbali kidogo, kama anavyotazama mtu aliyesahau miwani mezani, akaona mistari imenyooka na hakuna doa.

"Kila mzazi angekuwa hivi," alisema, akaitia kwenye bahasha pamoja na zile tano.

Hakuisoma. Mtu aliyerudisha madaftari ya watoto mia kwa sababu ya kusahau nukta hakuisoma karatasi moja ya mtoto aliyempenda, kwa sababu alimwamini. Tunajidanganya kwamba tukimwamini mtu tumemsaidia.

Januari majina yalirudi matano. Elsa alisimama mbele ya tangazo alilobandika Frank ukutani, akalisoma kutoka juu hadi chini, kisha kutoka chini hadi juu.

"Mwalimu, langu?"

"Ofisi ina utaratibu wake. Labda la shule yenu linachelewa. Subiri."

Frank alimfuata Mwalimu mpaka chumba cha cherehani. "Mwalimu, niulize? Nina mtu pale ofisini, napiga simu tu."

"Una mtu?"

"Namfahamu."

"Basi umwache. Hapa hatupitii kwa mtu, Frank. Tukianza kupitia kwa watu, wale wasio na mtu watapitia wapi? Tumepeleka kwa utaratibu, tutajibiwa kwa utaratibu."

Lilikuwa jibu zuri. Ningelikuwa mimi ningelisema hilo hilo, na ningejisikia vizuri baada ya kulisema. Lakini kukataa mlango wa nyuma si sawa na kukataa kubisha mlango wa mbele, na Mwalimu Theresia hakubisha. Aliona kuulizauliza ni kusumbua, na kusumbua ni tabia mbaya. Wenzake Elsa wakavaa sare. Walikuja siku moja kuagana, sketi zikiwa bado na mikunjo ya dukani. Elsa aliwatengenezea kola.

Februari aliuliza tena, akaambiwa asubiri. Kwa baba yake alipeleka ujumbe: bado kidogo. Baba yake akajibu kwamba amesikia. Wiki ya mwisho ya Machi shangazi alipigiwa simu, na siku ya pili Elsa akapanda bodaboda kurudi Mpapura, mtoto mgongoni na begi moja kifuani. Hakulia. Alimwambia Mwalimu kwamba jina likija, apigiwe hata kama ni saa ya shamba, atashuka.

Hapo ndipo Mwalimu alipovaa viatu vyake vya kanisani akaenda ofisi ya elimu, tarehe tisa Aprili.

Aliyemkuta mezani alikuwa Farida, mwanamke wa makamo kidogo, mtandio mweupe, aliyesimama mara moja alipomwona.

"Shikamoo, Mwalimu. Hunikumbuki. Ulinifundisha la sita."

"Marahaba. Nakukumbuka. Mwandiko wako ulilala upande. Namtafuta mwanafunzi anaitwa Elsa Eusebio, fomu yake tuliileta Oktoba."

Farida akavuta jalada, akapekua, akasimama na kidole chake. "Elsa Eusebio ninaye. Lakini yeye ni mzazi."

"Ndiyo, ni mzazi. Namtafuta yeye."

"Hapana, Mwalimu, namaanisha ni mzazi wa mwanafunzi. Mwanafunzi ni Esperanca. Tuliandikia shule mara mbili, wakajibu kwamba hawajawahi kuwa na mwanafunzi wa jina hilo. Tukaweka pembeni, tukasema mzazi akiona kimya atakuja."

Mwalimu alinyoosha mkono, akapewa karatasi. Safari hii alivaa miwani. Alisoma sentensi ile, moja tu, na Farida alisema baadaye kwamba aliisoma kwa muda ambao mtu angemaliza gazeti.

"Esperanca ana mwaka mmoja na miezi minane," alisema.

Farida alicheka, kisha akaona uso wa aliyemwambia, akaacha. "Aa. Mwalimu, pole. Kwa nini hakuja mtu Januari? Ilikuwa kazi ya dakika moja. Tungefuta hapa, tungeandika hapa, basi."

"Sasa je?"

"Aliacha Machi kumi na nne. Miaka miwili imepita."

"Imepita siku ishirini na sita."

"Siku ishirini na sita, ndiyo. Mimi ningetaka kukusaidia. Lakini nitaandika tarehe gani? Wewe mwenyewe, ukiwa umekaa hapa nilipokaa, ungenipitishia?"

Mwalimu Theresia alirudisha karatasi mezani. Wote wawili walijua jibu. Farida alimweleza kwamba kuna elimu ya watu wazima, msichana anaweza kusoma akafanya mtihani wa maarifa, unaoshika nafasi ya ule wa Kidato cha Pili, akaendelea mpaka Kidato cha Nne, wengi wamefaulu hivyo. Aliandika maelezo hayo kwenye karatasi, kwa mwandiko uliolala upande.

Yapo mashirika ambayo yangefunga jalada hapo na kuandika kwenye taarifa kwamba mnufaika mmoja amehama. Mwalimu hakuwa wa namna hiyo. Kesho yake alikwenda Mpapura kusema kwa mdomo wake.

Aliwakuta shambani. Eusebio alikuwa akipalilia chini ya mikorosho, Elsa akikusanya magugu, mtoto amekaa juu ya kanga. Mwalimu alikataa kuketi. Alieleza yote akiwa amesimama, tangu fomu, tangu Januari, tangu simu ya Frank aliyoikataa. Alisema kosa ni lake, la kutosoma na la kutokwenda kuuliza, na kwamba Elsa hana kosa hata moja.

Eusebio alimsikiliza huku ameegemea mpini wa jembe.

"Mimi Kiswahili cha karatasi sikijui," alisema mwishowe. "Nieleweshe. Aliandika yeye ni mzazi wa Esperanca?"

"Ndiyo."

"Na si kweli?"

"Ni kweli."

"Sasa wamemkatalia nini?"

Mwalimu akaeleza upya. Mzee alitikisa kichwa, si kwa hasira. Alionekana kama mtu aliyekuwa akingoja habari mbaya na sasa amepumzika. Mwalimu akatoa karatasi ya Farida, akazungumza juu ya elimu ya watu wazima, juu ya mtihani wa maarifa, juu ya chumba ambacho angempa Elsa nyumbani kwake Magomeni, yeye na mtoto, kwa muda wowote.

"Kuna sare?" aliuliza Eusebio.

"Hakuna. Wanavaa nguo zao."

"Basi watu watamwona anapita na nguo zake, na mimi nitasema anasoma, nao watacheka. Nilisema Januari, Mwalimu. Nikangoja mpaka Machi kwa heshima yako. Selemani naye ni mtu, huwezi kumweka kama gunia ghalani. Nimeshampa neno."

"Elsa ana miaka kumi na minane sasa. Anaweza kusema mwenyewe."

Wakamtazama wote wawili. Yale yalikuwa magumu kwa msichana yule kuliko mtihani wowote, kusimama kati ya baba aliyemngoja na mwalimu aliyempotezea nafasi. Alimwinua mtoto kwanza, akamkung'uta majani.

"Ile fomu," alimwambia Mwalimu, "ilipokuja, nilifikiri kidogo. Nikaona kama inamtaka baba. Halafu nikasema hapana, nikiandika baba, Mwalimu atasema bado sijakubali." Akamweka mtoto kiunoni. "Nilitaka ufurahi."

Mwalimu Theresia alivua miwani akaifuta kwa ncha ya kitenge.

"Njoo nikae nawe," alisema. "Nakuomba."

Nadhani hakuwahi kutumia neno hilo kwa mwanafunzi. Elsa alimtazama baba yake, na baba akarudi kwenye jembe, akapiga magugu matatu, manne. Hakukataza. Hilo lazima liandikwe, kwamba hakukataza. Lakini Elsa alikuwa amengoja Oktoba, Novemba, Desemba, Januari, Februari na Machi, kwa maneno ya Mwalimu huyu huyu, na kungoja kuna mwisho wake.

"Nitafikiri, Mwalimu," alisema. "Nenda kabla jua halijawa kali."

Aliolewa Julai.

Kituoni Mwalimu aliwakusanya wasichana wote akawasimulia alichofanya, bila kujitetea. Fomu ikaandikwa upya, na siku hizi kila mmoja huijaza akiwa ameketi ubavuni pake, yeye akisoma kila neno kwa sauti. Kila Jumatatu huvaa viatu vya kanisani akaenda ofisi ya elimu kuuliza, hata kama hakuna cha kuuliza, mpaka makarani wanamkimbia. Sheria ya kuwaita wazazi hakuifuta. Alijaribu kwa wiki mbili, akaona watoto wameanza kulia bila kuchukuliwa, akairudisha. Hakupata amani kwa kuifuta wala kwa kuirudisha.

Alimwona Elsa mara moja tu tangu hapo, mwezi wa Novemba, dukani Chikongola, akipima mitandio mbele ya kioo cha muuza duka. Alikuwa amenenepa usoni na tumbo lilikuwa limeanza kuonekana. Esperanca alikuwa chini, anakimbia sasa, amevaa viatu vyenye kulia kila akikanyaga. Pembeni alisimama mwanamume mwenye mvi chache na mfuko wa sabuni mkononi, mpole wa kuonekana.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema Elsa, akapiga goti kidogo, kisha akamgeukia mumewe. "Huyu ndiye Mwalimu Theresia. Alinifundisha."

"Ooh, karibu sana, mama," alisema Selemani. Akamuuliza mkewe kwa wema kabisa, kama mtu anayetafuta la kuzungumza, "Alikufundisha nini?"

Elsa alirudisha mtandio wa bluu kwenye rundo, akachukua wa kijani.

"Vitu vya shule," alisema. "Zamani."